Namna ya Kusanifu Kituo cha Nishati cha Chuo Kikuu

Kabla ya kufungua katalogi ya mashine, fungeni mita kwenye kila njia kuu ya umeme, kuanzia maabara na hosteli hadi jikoni na kwenye pampu za maji, kisha msome matumizi ya kila nusu saa kwa muhula mzima na wiki kadhaa za likizo. Madarasa hula umeme mchana, ilhali hosteli hupanda kuanzia saa moja usiku, jua likiwa limekwisha kuzama. Zaidi ya hayo, wateja wakubwa nchini Kenya na Tanzania hutozwa pia kwa kilele cha matumizi kinachopimwa kwa kVA (kilovolti-ampea, kipimo cha ukubwa wa mzigo wa umeme), hivyo pampu zote zikiwashwa pamoja kwa nusu saa tu, bili ya mwezi mzima yaweza kupanda.

Mapaa ya chuo ni eneo zuri la sola, kama Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilivyoonyesha mwaka 2014 kilipofunga kilowati 600. Tatizo ambalo wengi huligundua wamechelewa ni kwamba inveta ya kawaida ya gridi, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli ulingane na ule wa gridi ya taifa, hujizima umeme unapokatika, ili isipeleke umeme kwenye nyaya zinazoshikwa na mafundi. Chuo chenye paa lililojaa paneli kinaweza kukosa umeme saa sita mchana. Kwa hiyo, tangu mchoro wa kwanza, wekeni betri pamoja na inveta inayoweza kuendesha gridi ndogo, yaani mtandao wa umeme wa chuo chenyewe, peke yake, na mtenge waya wake kwa ajili ya visivyopaswa kuzimika: majokofu ya maabara, seva, zahanati na taa za ngazi.

Jenereta isiwe kubwa kupita kiasi. Ya dizeli ikifanya kazi muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake, mafuta hayaungui vizuri na masizi hujaa kwenye ekzosi. Kwa maoni yangu, mbili za kilowati 250 ni bora kuliko moja ya 500, kwa sababu usiku wa likizo moja hutosha, na hata nyingine ikifunguliwa kwa matengenezo chuo hakibaki mikono mitupu.

Jengo lenyewe liinuliwe juu ya kiwango cha mafuriko, tangi la dizeli lizungushiwe ukuta wa kuzuia mafuta yakivuja, na moshi uelekezwe mbali na madirisha ya hosteli. Pimeni mlango kwa transfoma, si kwa mtu, kwani siku moja itabidi itolewe. Kwenye ubao wa swichi acheni nafasi tupu za kutosha majengo yaliyomo katika mpango wa chuo.