Kupandikiza matumbawe kwenye mwamba uliokufa: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimewaandikia vikundi vya wavuvi, BMU (vikundi vya kusimamia fukwe) na vijana wa pwani wanaotaka mwamba wao uishi tena. Kupandikiza kwenyewe si kazi ngumu. Anayejua kuogelea na kuzamia kidogo hujifunza kwa siku chache. Kigumu ni kuyalinda matumbawe yakishapandwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika nchi kavu, na naomba sana usiiruke.

1. Jua kilichouua mwamba

Zamia uutazame maji yakiwa yametulia. Baruti huacha uwanja wa vipande vilivyosagika, vinavyobiringika kila wimbi linapopita. Kokoro (wavu wa kukokota) na nanga huacha matawi yaliyovunjika, mengine bado yana uhai. Joto huacha matumbawe yamesimama mahali pake, meupe kwanza, kisha yakavaa mwani. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida hata kwa digrii moja na kukaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki na njaa. Ndivyo ilivyokuwa katika pwani yetu mwaka 1998, kisha 2016 na 2024.

Ikiwa kokoro bado linapita hapo, usipande kitu. Nenda kwanza hatua ya pili, hata ikichukua mwaka mzima.

2. Kaeni na wenye bahari

Wenye bahari ni wote wanaoila: wenye madema, wa mishipi, wazamiaji, na akina mama wanaochokoa pweza maji yakitoka. Hao akina mama husahauliwa mara nyingi, na wao ndio wanaoukanyaga mwamba kila bamvua, maji yanapotoka sana. Waitwe tangu kikao cha mwanzo, wachague wenyewe njia za kupita na sehemu ya kuacha.

Usianze na hotuba ya mazingira. Waulize wazee: hapa zamani mlikuwa mkitoa samaki gani? Watakutajia changu, chafi, pono, tewa, na watakuonyesha kila mmoja alikokuwa akilala. Hapo ndipo uwaeleze kwamba chafi, pono na kangaja hula mwani unaoyasonga matumbawe machanga. Wakiisha, hakuna burashi yenu itakayoweza kusafisha mwamba mzima. Mvuvi anaielewa hoja hiyo haraka, kwa kuwa inahusu samaki anaowajua.

Kisha wavalishe miwani ya kuzamia, muwapeleke wakaone. Kuna watu wamevua miaka 30 na hawajawahi kuutazama mwamba kwa chini. Wanafunzi pia wapelekwe majini, picha za darasani hazitoshi. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilichofungwa kwa uvuvi tangu 1994, huwapokea wanafunzi waogelee juu ya matumbawe yaliyo hai, na baadhi ya walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa eneo hilo. Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji wenyewe ndio waliotenga sehemu ya bahari yao.

Makubaliano yaandikwe: mipaka, maboya, adhabu, na nani analinda usiku. Pamoja na hayo tafuteni kibali cha ofisi ya uvuvi, na cha mamlaka ya hifadhi ikiwa mko ndani ya hifadhi. Ombeni pia mtafiti wa kuwasimamia. Wasini, Kwale, wanakijiji walifanya kazi hii pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi.

3. Chagua msimu

Mimi napendelea kuanza matlai, kusi ikishalegea, kuanzia Septemba hadi Novemba. Bahari imetulia, maji hayajapata joto, na vipandikizi vina miezi kadhaa ya kupona kabla ya joto kali la Machi na Aprili.

4. Jenga kitalu

Tengeneza meza ya nondo au mabomba ya plastiki, uifunge wavu juu. Iweke kwenye mchanga karibu na mwamba, kina cha mita 3 hadi 6 maji yakiwa yametoka, iinuke kiasi cha mita moja ili mchanga usiifunike. Mimina mapema vidonge vya saruji, ambavyo kila kipande cha tumbawe kitashikizwa juu yake, uviloweke kwa wiki kadhaa kabla ya kuvitumia.

5. Kusanya mbegu

Anza na vipande vilivyo hai vilivyoanguka chini, kwa maana hivyo vingekufa tu. Visipotosha, kata kwa koleo ncha za sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye matumbawe yenye afya, na usizidishe sehemu moja ya kumi ya tumbawe lolote. Changanya aina, na ndani ya kila aina chukua kwa wazazi tofauti. Matumbawe ya matawi hukua haraka lakini ndiyo ya kwanza kufa kwa joto, kwa hiyo ongeza na yale ya mviringo hata kama yanachelewa.

Vipande vikae ndani ya maji ya bahari, kivulini. Shika chini ya kipande, usisugue nyama, kisha kishikize kwenye kidonge na ukiweke juu ya meza.

6. Tunza

Mwanzoni nenda kila wiki. Sugua mwani kwenye meza na vidonge kwa mswaki, toa konokono wanaokula matumbawe, ondoa vilivyokufa.

7. Hamishia mwambani

Baada ya miezi sita hadi mwaka, sugua jiwe kwa burashi ya waya mpaka lionekane jeupe. Kanda saruji nzito chomboni, ishushe ndani ya mfuko wa plastiki, bandika donge, kisha kandamiza kidonge. Acha sentimita 20 hadi 30 kati ya kipandikizi na kingine. Palipopigwa baruti usibandike juu ya vipande vinavyobiringika. Weka kwanza fremu za chuma au mawe makubwa.

8. Fuatilia

Piga picha mahali palepale baada ya mwezi, miezi mitatu, sita, kisha kila mwaka. Hesabu yaliyo hai, yaliyokufa, na samaki waliorudi, na matokeo yasomwe mbele ya kijiji, hata yakiwa mabaya. Mkianza kuona matumbawe machanga ambayo hamkuyapanda, punguzeni kupanda na nguvu zenu ziende kwenye ulinzi.