Lowanisha mbegu kidogo kabla ya kutia dawa ya unga
Huku Kasulu wengi, kabla ya kupanda, tunamwaga dawa ya unga ya kulinda mbegu juu ya maharage makavu na kukoroga kwa kijiti; sehemu kubwa ya dawa inabaki chini ya ndoo. Jaribu hivi: tia kilo moja ya mbegu kwenye dumu la mdomo mpana, nyunyizia vijiko viwili tu vya chai vya maji, tikisa. Ndipo uweke dawa kwa kipimo cha lebo, funga mfuniko, tikisa tena mpaka kila punje ishike rangi. Ule unyevu mdogo ndio unaonasa unga. Maji yakizidi, ganda linakunjamana na kuchubuka, na hiyo mbegu ndiyo imekwenda. Anika kivulini, panda siku hiyohiyo, na glavu usivue. Soma lebo pia: yenye imidaklopridi hupunguza inzi wa maharage wiki za mwanzo, ila thiramu peke yake ni ya ukungu, inzi haimhusu kabisa. Mbegu iliyotoka dukani na rangi yake imeshatiwa dawa, usiipake tena. Iliyobaki haipikwi hata uioshe mara saba, wala dumu lisirudi kisimani.