Kabla hujachora mji, fuata maji kwanza

Watu wengi wakipewa kazi ya kupanga mji wanakimbilia kuchora barabara na viwanja, na ramani yenyewe inaishia pale mpaka wa manispaa unapoishia, kana kwamba mvua nayo inajua mipaka. Cha kwanza tafuta ramani ya bonde zima la mto, toka kule juu maji yanakoanzia mpaka yanakoishia, manake hata ukijenga vizuri kwako, jirani wa juu akifyeka msitu akamwaga lami kilima kizima, mafuriko utayapokea wewe.

Waholanzi mwaka 1995 mito ilijaa mpaka watu kama 250,000 wakahamishwa, ndo wakaona kuongeza urefu wa matuta ya kuzuia maji ya mto peke yake hakutoshi, wakaanza kuupa mto nafasi. Pale mji wa Nijmegen tuta likarudishwa nyuma mita 350 hivi, ukachimbwa mkondo wa pili, na nyumba kama 50 zikaondoka. Kwahiyo hili nalo liwe mezani mapema: nani atahama, atalipwa nini, ataenda wapi. Sio tingatinga limeshafika ndo mnaitisha kikao.

Rekodi za mvua za zamani zisome, ila usizitegemee zenyewe tu. Hewa ikipanda joto nyuzi 1 inabeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, yaani mtaro uliopigiwa hesabu ya mvua za enzi zile leo unaweza kuzidiwa. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 2 Julai 2011 ilipigwa na kama milimita 150 ndani ya masaa machache, mabomba ya chini yakashindwa kabisa. Baada ya hapo wakaanza kutumia barabara na bustani kupitisha na kutunza maji, kwa mfano bustani ya Enghaveparken ina kiukuta kifupi pembeni, siku kavu watu wanakikalia tu, mvua kubwa ikija kinazuia maji yasimwagike mtaani. Hiyo mimi naipenda kuliko pampu kumi.

Chini ya ardhi je? Jakarta kule Indonesia inazama, na sababu kubwa ni maji ya visima yanavyonyonywa, kwahiyo kama mji hauna maji ya bomba ya kutosha watu watachimba visima, ardhi itashuka, usishangae ukuta wa bahari kila siku unaonekana mfupi. Hakikisha chanzo cha maji kabla ya kuruhusu maghorofa.

Joto pia, acha njia za upepo na miti ya zamani, sitaki kurefusha.

Halafu bajeti. Angalia kama kuna fungu la kuzibua mitaro na kalvati kila mwaka kabla ya msimu wa mvua, na idara itakayofanya iandikwe kwa jina, sio "wadau husika", hao wadau siku ya mafuriko huwa hawapokei simu.