Rangi ya monita na rangi ya bango: jinsi ya kuzifanya zikubaliane

Bango likitoka jeusi kuliko lilivyoonekana kwenye kompyuta, wa kwanza kulaumiwa ni fundi wa printa. Mara nyingi printa haina hatia. Monita iliyotumika kubuni ilikuwa inang'aa mno, au rangi ziligeuzwa mara mbili njiani kabla wino haujagusa karatasi. Nairobi kazi moja hupita mikono mitatu kwa urahisi: mbunifu mwenye laptopu Westlands, duka la mabango River Road, na kiwanda cha ofseti (uchapaji wa sahani) Industrial Area. Kila mkono una nafasi yake ya kuharibu.

Kinachounganisha mikono hiyo ni profaili za ICC, mfumo ambao kampuni nane, Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zikiwemo, ziliuanzisha mwaka 1993. Profaili ni faili inayoeleza kifaa kimoja kikiwa katika hali moja: monita hii kwa mwangaza huu, au printa hii kwa wino huu na karatasi hii. Hali ikibadilika, profaili inabaki ikieleza kifaa ambacho hakipo tena. Ndiyo maana mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu unayotumia: kwanza tuliza kifaa, kisha kipime, mwisho tengeneza profaili.

Chumba kabla ya monita

Weka meza ubavuni mwa dirisha, isielekee jua la alasiri, na uwe na pazia. Ukuta ulio nyuma yako usiwe wa rangi ya chungwa au kijani, maana rangi yake hurudi kwenye kioo. Balbu za LED zinazouzwa kama "daylight" kwa kawaida ni 6500K, na nyingi huonyesha rangi kwa CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi chini ya taa) ya takriban 80. Kwa kukagua chapa, kiwango cha ISO 3664 kinataka mwanga wa D50, yaani karibu 5000K: luksi 2000 kwa kulinganisha kwa makini, na 500 kwa kutazama kama mteja atakavyotazama. Tafuta taa ya 5000K yenye CRI ya 90 kwenda juu, uielekeze mahali pa kuwekea chapa tu, isimulike kioo.

Monita

Kalorimita (kifaa cha kupima rangi za kioo) ya kisasa, kama zile za Calibrite au Spyder za Datacolor, inatosha kwa monita. Usitegemee kuisomesha karatasi: ya aina hiyo husoma mwanga unaotoka kwenye kioo. Karatasi inahitaji spektrofotomita yenye taa yake yenyewe. Programu ya DisplayCAL, inayotumia injini ya ArgyllCMS, ni ya bure na inafanya kazi na vifaa vingi.

Washa monita nusu saa kabla ya kupima. Zima kila kinachobadilisha rangi chenyewe: Night Light, True Tone, kontrasti inayojirekebisha, na hali za "Vivid" au "Movie". Kwenye Windows 11 tangu toleo la 22H2 kuna Auto Color Management. Ikiwa imewashwa, mfumo wenyewe unageuza rangi na programu nyingi zinaiona monita kama ya sRGB (upeo wa kawaida wa rangi za kioo), kwa hiyo ijue iko wapi na uizime kabla ya kupima kwa njia ya kawaida ya ICC.

Kisha weka malengo haya: nyeupe ya D65 (karibu 6500K), gama 2.2 (jinsi ngazi zinavyopanda kutoka giza hadi mwanga), mwangaza 100 cd/m² (kandela kwa mita ya mraba). Mwangaza ndio unaoharibu kazi nyingi. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa 250 au zaidi, na nyuso nyeusi ndizo zinazoumia kwanza. Kwenye kioo kinachong'aa hivyo, vivuli vya shavuni na chini ya kidevu vinaonekana vizuri, mbunifu anavitia giza kidogo ili picha "ikolee", na kwenye karatasi uso unakuwa doa. Ukitaka kuhakikisha 100 inafaa chumba chako, fungua ukurasa mweupe mtupu, weka karatasi tupu ya kazi hiyo chini ya taa ya 5000K kando ya monita, ulinganishe mwangaza. Kioo kikishinda karatasi, kipunguze hadi vikaribiane, kisha upime upya kwa mwangaza huo.

Kwenye programu, chagua aina ya kioo chako kwa usahihi: LED nyeupe ya kawaida, LED ya upeo mpana, au OLED. Kalorimita huhitaji marekebisho tofauti kwa kila aina, na ukichagua vibaya nyeupe yote itaegemea kijani au waridi ingawa ripoti inasema kila kitu ni sawa. Ukimaliza, fanya uhakiki. Wastani wa ΔE (tofauti kati ya rangi iliyotakiwa na iliyopatikana) chini ya 1.5 ni mzuri. Laptopu za bei nafuu hazifikii hapo, nazo hutumika kwa mpangilio na maandishi, si kwa kuamua rangi ya ngozi.

Kasoro moja ya Windows husumbua sana: marekebisho yanayopakiwa kwenye kadi ya picha hufutika kompyuta inapoamka au draiva inaposasishwa. Ukiona kioo kimebadilika ghafla baada ya umeme kurudi, kagua hapo kwanza. DisplayCAL ina kipakiaji chake kinachoyarudisha, kiache kikifanya kazi.

Kugeuza mara mbili

Rangi inapaswa kugeuzwa mara moja tu kwenda kwenye wino: ama na programu ya kubuni, ama na draiva ya printa, ama na RIP (programu inayoandaa faili kwa printa ya mabango). Viwili vikifanya kazi hiyo kwa pamoja, chapa hutoka nzito, na kijivu huegemea majenta. Kwenye Photoshop, ukichagua "Photoshop Manages Colors" na kutaja profaili ya karatasi, basi kwenye draiva ya Epson lazima uchague "Off (No Color Adjustment)". Draiva nyingine zina jina lake la jambo hilo hilo.

Kwenye orodha ya njia za kugeuza, "Relative Colorimetric" pamoja na Black Point Compensation (kulinganisha weusi wa faili na wa karatasi) hufaa kazi nyingi. Lakini chukua picha ya mtu aliyevaa shuka nyekundu ya Kimaasai chini ya jua. Nyekundu hiyo inapita uwezo wa wino, na Relative hukata kila kilichozidi kwenye ukingo uleule: mikunjo ya kitambaa inapotea, shuka inakuwa bapa. Jaribu "Perceptual". Rangi zitapoa kidogo, ila mikunjo itarudi. Tazama tofauti kwa Proof Setup (mwigo wa chapa kwenye kioo) kabla ya kutumia wino, huku umewasha Simulate Paper Color na kuondoa menyu nyeupe machoni, maana ukiona nyeupe ya menyu kando ya picha utadhani chapa imechujuka.

Printa ya bango na RIP

Profaili iliyokuja na mtambo ni ya kuanzia. Wengi hununua wino kwa lita kutoka kwa muuzaji aliye na bei nzuri wiki hiyo, na wino mpya ni printa mpya. Kama utabadilisha muuzaji, rudia kuanzia hatua ya tatu.

1. Chapa jaribio la nozeli (vitundu vya kutolea wino) na ulinganishe vichwa. Nozeli ikikosekana, simama. Profaili itakariri kasoro hiyo na kuiendeleza.
2. Amua azimio, idadi ya pasi (mipito ya kichwa) na joto la hita, uviandike kwenye jina la profaili pamoja na aina ya vinyli au fleksi. Kila mchanganyiko una profaili yake.
3. Weka kikomo cha kila wino. Chapa ngazi za 0 hadi 100 kwa hatua za 5 na utafute pale rangi inapoacha kukolea au inapoanza kubadilika. Majenta ikianza kuelekea wekundu au siani kuelekea zambarau, umepita. Rudi hatua moja nyuma.
4. Fanya linearizesheni kwa spektrofotomita, ili 50 unayoomba itoke kama nusu kweli.
5. Weka kikomo cha jumla ya wino zote. Chapa vipande vya wino nne kuanzia asilimia 200 hadi 400, uache vikauke, kisha uvisugue kwa kidole na utazame kingo. Kwenye vinyli ya eco-solvent (wino wa kiyeyushi) kikomo mara nyingi huangukia kati ya 220 na 300.
6. Chapa chati ya profaili, isubiri ikauke, isome, tengeneza profaili.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofanya bango lishikane likikunjwa msimu wa mvua. Kabla ya kusoma chati ya eco-solvent, subiri angalau saa moja. Ukiweza kuiacha hadi kesho, bora zaidi.

Printa ya picha kwa ArgyllCMS

Mwenye spektrofotomita ya i1Pro na printa ya picha hahitaji kununua programu. Amri nne zinatosha:

targen -v -d2 -f600 karatasi
printtarg -v -ii1 -t300 -pA4 karatasi
chartread -v karatasi
colprof -v -qm -S sRGB.icm -cmt -dpp karatasi

Ya kwanza huandaa vipande 600, ya pili hutoa kurasa za TIFF, ya tatu husoma chapa, ya nne hutengeneza profaili. Kwa spektrofotomita ya ColorMunki, badilisha -ii1 iwe -iCM -h. Chapa kurasa hizo bila usimamizi wowote wa rangi. Kwenye Mac, ColorSync Utility ina chaguo la "Print as Color Target". Ukizichapa kutoka programu inayogeuza rangi kimyakimya, kila kinachofuata ni kazi bure.

Karatasi nyingi nyeupe sana zina king'arishi kinachowaka kwenye mwanga wenye urujuanimno. Ndiyo maana ISO 13655 ya 2009 ilileta hali za upimaji M0 hadi M3. Kama kifaa chako kina M1 (mwanga wa D50 wenye urujuanimno), kitumie kwa karatasi hizo. Vipimo vya M2 huondoa urujuanimno, na profaili yake yaweza kufanya kijivu kionekane cha samawati chini ya taa halisi.

Faili ya kwenda ofseti

Fungua faili ya CMYK (wino za siani, majenta, njano na nyeusi) na uguse maandishi meusi. Ukisoma 75/68/67/90, faili hiyo ilitoka RGB (rangi za kioo) na kugeuzwa kwa SWOP v2, mpangilio wa Photoshop wa Marekani ambao watu wengi hawajawahi kuubadilisha. Wino nne kwenye herufi ndogo zitaonyesha ukungu wa rangi pembezoni sahani zikisogea hata kidogo. Maandishi yawe K100 (nyeusi kamili) peke yake.

Kabla ya kugeuza picha, uliza kiwanda maswali mawili: mnachapa kwa FOGRA39 au FOGRA51 (viwango vya uchapaji vya taasisi ya Fogra), na kikomo cha wino ni asilimia ngapi? FOGRA51 ni ya karatasi iliyopakwa yenye king'arishi na inapimwa kwa M1. Profaili yake, PSO Coated v3, inapatikana bure kwa ECI (European Color Initiative). Karatasi isiyopakwa ni FOGRA52. Gazeti hubeba takriban 240 tu, na picha nzito kuliko hapo hupaka ukurasa wa pili. Wakikosa jibu, peleka PDF/X-4 (PDF ya uchapaji) yenye picha za RGB zilizobeba profaili zake, na uombe prufu (chapa ya kukagulia rangi).

Kwenye prufu, tazama kwanza kijivu: C50 M40 Y40 kando ya K50. Ikiegemea rangi yoyote, usihangaike na picha bado. Mwenye spektrofotomita apime ukanda wa kupimia rangi wa Media Wedge V3 wenye vipande 72. ISO 12647-7 inataka wastani wa ΔE00 (ΔE kwa kanuni ya 2000) usizidi 2.5. Kwa bango la barabarani, tunakubali 3 au 4.

Rudia monita kila mwezi, nozeli kila asubuhi, linearizesheni kila wino au roli ya aina mpya inapoingia. Prufu iliyotiwa sahihi na mteja ihifadhiwe kwenye bahasha isiyopitisha mwanga, imeandikwa tarehe, karatasi na jina la profaili. Akirudi baada ya miezi sita kutaka nakala "ileile", pima ukanda wake kabla hujakubali bei.