Jinsi ya kupata namba ya silabi ya Kikorea kwenye Unicode
Wadau wa Dar mnaoandaa sabutaito za tamthilia za Kikorea, kuanzia Sinza mpaka Mbagala, kila silabi ya Hangul (maandishi ya Kikorea) ina namba yake kwenye Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba, ziko 11,172 na zimepangwa vizuri mno, maana konsonanti za mwanzo ni 19, irabu 21, na za mwisho 28 ukihesabu na ile nafasi ya kuacha wazi, zidisha mwenyewe uone.

Chukua 한. Ivunje: ㅎ ni namba 18 (tunaanza kuhesabu na sifuri, hapo ndo wengi wanakwama), ㅏ ni 0, ㄴ ya mwisho ni 4. Sasa 18 mara 588 (yaani irabu 21 mara 28), jumlisha 0 mara 28, jumlisha 4, unapata 10588. Ongeza 44032, ndo namba ya 가, silabi ya kwanza kabisa. Jibu 54620, yaani U+D55C ukiiandika kwa heksadesimali. Kwenye UTF-8, namna ya kuhifadhi hizo namba kwenye faili, inakula baiti tatu: ED 95 9C.

Faili likileta madudu matupu, mara nyingi ni la zamani la EUC-KR (mfumo mwingine wa kuhifadhi Kikorea), lifungue kwa hiyo hiyo EUC-KR halafu ndo ulisevu UTF-8, ila usije ukalisevu likiwa bado na madudu, utaliua. Na ukisachi neno halipatikani wakati unaliona kabisa kwa macho, basi limehifadhiwa vipande vipande, 한 imekuwa namba tatu badala ya moja, sana sana majina ya mafaili yaliyotoka kwenye Mac. Kwenye Python (lugha ya programu) andika unicodedata.normalize("NFC", neno), vinaungana.