Memware juu ya afya ya akili ya wanafunzi Bukavu: hatua, hesabu na mitego yake

Kichwa cha memware (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) kama "Afya ya akili ya wanafunzi wa Bukavu" hakitakufikisha siku ya utetezi. Mji huu wa mashariki mwa Kongo una UOB, UCB, UEA, ISP, ISTM na vyuo vingine, na wewe una miezi michache na mfuko wa mwanafunzi. Chagua chuo kimoja, fakilte moja, promosyo (madarasa ya mwaka) mbili au tatu, na jambo moja tu la kupima: dalili za sonona (wengi hapa wanasema depresyo), au wasiwasi, au ustawi. Hayo matatu hayafanani. Kuna asiye na dalili yoyote ya ugonjwa na bado haoni raha ya kuishi. Kuna mwenye dalili nzito na bado anapiga soga Nyawera kila jioni.

Ukishachagua, usijitungie maswali. Dodoso lililotungwa usiku mmoja na wenzako wa chumba halina anayejua linapima nini, na jury (walimu watakaokuhoji siku ya utetezi) itakuuliza hilo kabla hujafikia ukurasa wa matokeo. Vipimo vitatu vinatosha kwa kazi ya ngazi hii, na vyote vinapatikana bila malipo.

WHO-5 ni sentensi tano zinazosema mambo mema tu: furaha, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, siku zenye mambo ya kuvutia. Kila sentensi ina alama 0 hadi 5. Jumla, ambayo haizidi 25, unaizidisha mara 4 upate kati ya 0 na 100. Aliyepata 50 au chini yake ustawi wake ni hafifu. Kwa anayeanza ndicho kipimo chepesi zaidi, na hakimtishi mtu.

PHQ-9 hupima dalili za sonona: maswali tisa, alama 0 hadi 3, jumla 27. Mipaka ni 5, 10, 15 na 20. Kuanzia 10 ndipo tunaposema huyu anahitaji kuangaliwa na mtaalamu. GAD-7 ni ya wasiwasi, maswali saba, jumla 21, mipaka 5, 10 na 15.

Vyote vitatu vinauliza habari za wiki mbili zilizopita. Hapo pana mtego wa kalenda. Ukigawa fomu katikati ya sesyo ya mitihani, unapima mitihani. Ukigawa wiki ambayo apariteri (mtunza orodha za wanafunzi) anawatoa oditware, yaani ukumbi wa masomo, wasiomaliza minervali (karo), unapima minervali. Si kosa kupima hayo, mradi kichwa cha memware kiseme hivyo. Kama unataka hali ya kawaida, kusanya katikati ya semesta, walau wiki tatu mbali na mitihani, na uandike tarehe za kuanza na kumaliza.

Lugha ya fomu

Masomo ni kwa Kifaransa, lakini mtu hajielezei uchungu wake kwa lugha ya silabusi. Andaa fomu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, mwache mwenyewe achague, kisha weka safu moja ya kuonyesha alichagua ipi. Tafsiri za Kiswahili za PHQ-9 zipo, ila zilifanyiwa kazi Kenya na Tanzania. Usizibebe hivyo hivyo. Neno "sonona" lenyewe ni la kamusi. Kwenye fomu ya Bukavu halina kazi. "Mawazo" ndilo baya zaidi: mtu wa hapa akisema "niko na mawazo", anasema ana shida zinazomkaa moyoni. Ukiandika "kuwa na mawazo mengi" ukikusudia akili inayotangatanga darasani, swali la saba, la kushindwa kutuliza akili, limegeuka kuwa swali la huzuni bila wewe kujua. Hata siku zinachanganya: wapo wanaosema Jumatatu, wapo wanaosema siku ya kwanza, na "siku ya tatu" ya hao wa pili ni Jumatano. Andika tarehe kamili: "tangu tarehe fulani hadi leo".

Kazi ya kutafsiri inakwenda hivi. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake. Kaa nao mchanganye tafsiri mbili ziwe moja. Mtu wa tatu, ambaye hajaona ile ya asili, airudishe kwa Kifaransa. Linganisha sentensi kwa sentensi, na pale zinapotofautiana msitetee: badilisheni. Halafu chukua wanafunzi 8 hadi 10 walio nje ya sampuli yako, mmoja mmoja, na baada ya kila jibu umwulize: "Umeelewa nini hapa? Ulikuwa unafikiria siku gani?" Hatua hii wengi wanairuka kwa sababu haitoi jedwali. Bila yenyewe, majedwali yote yanayofuata ni mapambo.

Tazama linalotokea ukiiruka. Swali la tatu la PHQ-9 ni la usingizi, la nne la uchovu, la tano la hamu ya kula. Umeme wa SNEL ukirudi saa sita za usiku, nyumba nzima inaamka: huyu anapiga pasi, yule anachaji simu, mwanafunzi anafungua silabusi. Usingizi: "karibu kila siku", alama 3. Asubuhi anapanda Karhale kwa mguu kwa kuwa pesa ya usafiri haipo. Uchovu: 3. Anakula mara moja kwa siku, jioni, na "kukosa hamu ya kula" amelisoma kama "kukosa chakula". Tena 3. Huyo ana alama 9 na hajasema neno hata moja la huzuni. Akiongeza alama moja popote, amevuka mpaka wa 10 na umemwandika kati ya wagonjwa.

Dawa yake si kuyafuta maswali hayo, maana ukiyafuta kipimo si kile tena. Fanya mambo mawili. Kwanza, baada ya PHQ-9 (baada, isiwe kabla, usije ukamwelekeza mtu majibu) ongeza maswali matatu ya mazingira: milo mingapi kwa siku, saa ngapi za umeme, dakika ngapi za kutembea hadi chuoni. Pili, hesabu kando maswali mawili ya kwanza, la kukosa raha na la huzuni. Mawili hayo peke yake huitwa PHQ-2, jumla 6, na mpaka wake ni 3. Mwenye 10 kwenye PHQ-9 lakini 0 kwenye PHQ-2 umweke kwenye kundi lake na umjadili kwa maneno. Sura hiyo ndiyo jury itakayoikumbuka.

Swali la tisa

Hili linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au ajidhuru. Usiligawe kama hujajua utafanya nini akijibu ndiyo. Kama huna mpango, tumia PHQ-8, yaani kipimo hicho hicho bila swali hilo: jumla 24, mpaka ule ule wa 10. Hakuna aibu, ni afadhali kuliko kukuta alama 3 siku ya nne, ukiingiza data nyumbani, kwenye fomu isiyo na jina.

Ukiamua kulibakiza, mpango uwe umeandikwa kabla ya kwenda kamati ya etike (maadili ya utafiti). Fomu isiwe na jina, iwe na namba. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwenye daftari jingine, mahali pengine. Yeyote anayemaliza, tupia jicho swali la tisa kabla hajaondoka. Alama 1, 2 au 3 zote zinahesabika, hata ya yule anayecheka na kusema "ni maneno tu, Mungu anichukue". Mpeleke pembeni, pasipo wenzake, umwulize waziwazi: Umewaza kujiua? Umewaza namna gani? Hicho kitu unacho? Umepanga lini? Kumwuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kunampunguzia mzigo wa kulibeba peke yake.

Akiwa na namna na siku, usimwache peke yake hata dakika tano. Mwombe akutajie mtu mmoja anayemwamini, mpigie simu akiwepo, mwende pamoja. Bukavu ina SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili inayosimamiwa na Frères de la Charité. Nenda ukazungumze nao kabla ya kuanza: nani anapokea, saa ngapi, mgonjwa alipe nini. Kwa aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, kuna hospitali ya Panzi. Kwenye bajeti ya memware tenga nauli ya watu wawili na inite za simu. Ukisahau mstari huo, mpango umebaki kwenye karatasi.

Na usiulize mambo ya vita. Mji uliingiwa na wapiganaji wa M23 Februari 2025, na kila mwanafunzi ana alichokiona. Maswali ya "ulishuhudia nini" yanahitaji mtaalamu aliye tayari kukaa na jibu. Usiandike avenyu wala namba ya simu kwenye fomu. Ukitumia Kobo (programu ya kukusanyia majibu kwa simu), hakikisha hujaweka swali la kuchukua GPS.

Watu wangapi, na uwapate wapi

Kanuni ya Yamane ndiyo inayotumika sana: idadi yote igawanywe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara 0,0025, ukikubali kosa la asilimia 5. Tuseme fakilte ina wanafunzi 1.200. Mara 0,0025 ni 3, jumlisha 1, ni 4, 1.200 kwa 4 ni 300. Kisha wapo watakaokataa. Wengi huongeza asilimia 10 ya 300 na kupata 330, wakidhani wamemaliza. Lakini asilimia 10 ya 330 wakikosa, unabaki na 297. Gawanya 300 kwa 0,9: ni 334. Kama L1 (mwaka wa kwanza) ina 520, L2 400 na L3 280, utachukua 145, 111 na 78.

Majina yatoke kwenye orodha ya apariteri, usiyatoe oditware. Waliopo oditware ni waliolipa, walioweza kuamka, walio na nauli. Aliyeanguka kabisa yuko nyumbani amejifunika, na ndiye uliyemtafuta. Weka orodha kwenye Excel, safu ya pembeni andika =ALEA() itoe namba za bahati nasibu, ibandike kama thamani ili isibadilike, panga kwa safu hiyo, chukua wa juu. Asiyepatikana mtafute mara tatu kwa siku tofauti kabla ya kumwandika "hakupatikana". Usimbadilishe na aliyekaa karibu.

Kiungo kilichotupwa na CP (mwakilishi wa wanafunzi) kwenye WhatsApp ya promosyo ni rahisi, na ndiyo maana kinaharibu: wanaojibu ni wenye mega za intaneti. KoboCollect hufanya kazi kwenye simu ya Android bila intaneti, fomu zikatumwa baadaye ukipata mtandao. Mwache mwanafunzi ashike simu mwenyewe na ajibu. Ukimsomea maswali kwa sauti, aibu itamjibia. Na asisimamiwe na asistanti anayemfundisha, hata kama ni mtu mwema.

Kuhesabu na kusema

Kwenye PHQ-9, likikosekana jibu moja au mawili, jaza kwa wastani wa yale mengine ya mtu huyo huyo. Yakizidi mawili, fomu hiyo haihesabiwi. Hesabu alfa ya Cronbach (inaonyesha kama maswali yanakwenda pamoja) kwa tafsiri yako: ikiwa chini ya 0,7, rudi kwenye maneno, kuna swali halikueleweka. Jamovi ni programu ya bure na inatosha kwa yote haya. Huna haja ya SPSS ya kuibia.

Kisha chunga sentensi. Kipimo kinachuja, hakitoi jina la ugonjwa. Kwenye utafiti wa mwaka 2001 uliotambulisha PHQ-9, mpaka wa 10 ulinasa asilimia 88 ya wagonjwa na kuwaacha huru asilimia 88 ya wasio wagonjwa. Inasikika nzuri. Sasa tuseme, kwa mfano tu, kati ya 300 wako wagonjwa kweli ni 30. Utanasa karibu 26. Kati ya 270 waliobaki, asilimia 12 watanaswa bure: karibu 32. Umekamata watu 58, na zaidi ya nusu hawana ugonjwa. Kwa hiyo andika "wanafunzi 58 walifikia alama 10 na zaidi", usiandike "wanafunzi 58 wana depresyo".

Vivyo hivyo, ukikuta wasiolipa minervali wana alama za juu, hujathibitisha kwamba deni ndilo lililowaangusha. Huenda aliyeanguka ndiye aliyeshindwa kufanya kibarua cha kulipia. Umewaona mara moja tu, siku moja. Andika "vinakwenda pamoja" na uishie hapo.

Fomu za karatasi zifungiwe kwa direkteri wa memware yako. Lile daftari la namba na majina lichomwe mara tu mtu wa mwisho uliyempeleka hospitalini amepokelewa, na siku ya kulichoma iandikwe kwenye sura ya mbinu. Ukurasa mmoja wa matokeo, kwa Kiswahili, bila asilimia zaidi ya tatu, umpe CP wa kila promosyo kabla ya utetezi, ukiwa na saa za mapokezi ya SOSAME chini yake.