Jinsi ya Kutazama Maonyesho ya Picha za Shadi Ghadirian

Maonyesho ya mpigapicha mmoja hayatazamwi kama yale ya wasanii wengi waliokusanywa katika ukumbi mmoja. Kwenye maonyesho ya wengi, mtazamaji huokota picha moja hapa na nyingine pale, naye hapotezi kitu. Kwenye maonyesho ya mmoja, picha hufuatana kama maneno ya mtu anayezungumza, na anayeruka ukuta mzima huwa amemkatiza msemaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kutazama kazi za Shadi Ghadirian, mpigapicha wa Iran aliyezaliwa Tehran mwaka 1974 na kusomea upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Azad cha mji huo. Picha zake zimehifadhiwa katika British Museum na Victoria and Albert Museum mjini London, na mwaka 2015 maktaba ya manispaa ya Lyon, nchini Ufaransa, ilimwandalia maonyesho yaliyokusanya kazi zake za tangu mwanzo.

Kabla ya kutoka nyumbani, ulizia ni mifululizo gani itakayotundikwa. Ghadirian hapigi picha mojamoja za kujitegemea. Hufanya kazi kwa mfululizo, na kila mfululizo una swali lake. Qajar aliuanza mwaka 1998, ukafuatwa na Like Everyday, kisha Nil, Nil wa mwaka 2008, White Square, na Miss Butterfly wa mwaka 2011. Ukijua kwamba utakutana na miwili tu, utajipangia muda ipasavyo. Kwa maoni yangu, saa moja kwa mfululizo mmoja si nyingi, na ni afadhali kuumaliza mmoja vizuri kuliko kuipitia yote mitano mbiombio.

Ukishaingia, zunguka ukumbi mzima mara moja bila kusimama, ili macho yajue ukubwa wa shughuli iliyo mbele yao. Kisha rudi kwenye picha ya kwanza, simama hatua tatu au nne kutoka ukutani, na utaje kimyakimya kila kitu unachokiona kwa jina lake: zulia, kiti, pazia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kilichoshikwa mkononi. Maandishi ya ukutani yaache hadi mwisho. Sisemi hivyo kwa kudharau kazi ya waandalizi, ambao mara nyingi huandika mambo ya maana. Nasema kwa sababu mtu akishasoma maelezo, macho yake hutafuta kilichoelezwa tu na kuyaacha mengine.

Jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote ni hili: kwenye picha za Ghadirian, anza na kifaa, usianze na vazi. Watazamaji wengi wakiona mwanamke wa Iran amejifunika kichwa hudhani wamekwisha kuelewa, wakatoa hukumu ya huruma au ya hasira, wakasogea kwenye picha inayofuata. Vazi wameliona, lakini kopo la Pepsi alilolishika hawakuliona, na kopo hilo ndilo lililobeba nusu ya maana.

Tuchukue Qajar, kwa kuwa ndio mfululizo unaojulikana zaidi. Jina hilo ni la ukoo uliotawala Uajemi, yaani Iran ya leo, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwaka 1925. Kamera zilifika huko mapema, katika miaka ya 1840, na mfalme Naser al-Din Shah, aliyetawala kuanzia mwaka 1848 hadi alipouawa mwaka 1896, aliipenda sanaa hiyo kiasi cha kujifunza kupiga picha yeye mwenyewe na kuwapiga hata wake zake ndani ya jumba la kifalme. Albamu zake zimehifadhiwa hadi leo katika Kasri la Golestan mjini Tehran. Ghadirian alizifahamu picha za enzi hizo kwa karibu, kwa kuwa alipata kufanya kazi katika jumba la makumbusho ya picha mjini Tehran, na mwalimu wake, Bahman Jalali, alikuwa mmoja wa watu waliojitolea sana kuziokoa picha za kale za nchi hiyo.

Alichokifanya ni kuijenga upya studio ya zamani. Nyuma kuna pazia lililochorwa mandhari, mbele yake wamesimama au kuketi jamaa na marafiki zake wakiwa wamevaa mavazi ya enzi za Qajar, nyuso zimetulia, na rangi ya picha nzima ni ya kahawia iliyofifia. Katika utulivu huo akaingiza kitu kimoja kisichokuwapo zamani hizo: redio kubwa ya kaseti, baiskeli, mashine ya kufyonza vumbi, miwani ya jua, kopo la Pepsi.

Hapo ndipo unapopaswa kusogea karibu. Tazama vidole vinavyolishika kopo. Mwanamke hanywi kilichomo, wala halinyanyui kulitangaza kama afanyavyo mtu wa matangazo ya biashara. Amelishika tu, kama vile bibi zetu walivyoshika ua au kipepeo cha mkono walipokwenda kupigwa picha ya ukumbusho. Halafu yatazame macho yake. Yanakutazama wewe moja kwa moja, bila haya na bila ombi. Ukiitaja hali hiyo kwa jina moja tu, iwe huzuni, kiburi au ukaidi, rudi tena baada ya dakika chache uone kama jina hilo bado linafaa.

Msomaji aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja ana mtaji mkubwa mbele ya picha hizi, na asione haya kuutumia. Studio za pwani nazo zilikuwa na mapazia yaliyochorwa, na watu walipigwa picha wakiwa na redio, simu au saa ambayo pengine haikuwa yao, ili picha iseme jambo ambalo maisha yalikuwa bado hayajalisema. Anayeikumbuka picha ya namna hiyo kwenye albamu ya nyumbani ataelewa kwamba kifaa studioni hakiwekwi kwa bahati mbaya. Tofauti ni kwamba picha ya ukumbusho hutamani kifaa, ilhali Ghadirian anakiuliza swali.

Ili kulisikia swali hilo inakupasa kujua kidogo hali ya Tehran ya miaka hiyo. Tangu mapinduzi ya mwaka 1979, mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya hadhira ya wanaume, na katika miaka ya 1990 suala la wanawake kuendesha baiskeli hadharani lilizusha mabishano makali. Redio ya kaseti na baiskeli zilizomo studioni, basi, si vitu vya kisasa vilivyowekwa ili kuchekesha. Kila kimoja kinagusa mahali palipokuwa na kidonda. Ndiyo maana ninashauri mtazamaji aandike kwenye daftari orodha ya vifaa tu, kisha mbele ya kila kimoja aandike: nani alikitumia, wapi, na nani alikatazwa. Zoezi hilo huchukua robo saa na hufungua mambo mengi kuliko kurasa kumi za utangulizi wa katalogi.

Like Everyday unahitaji macho ya namna nyingine. Ghadirian aliuanza mwaka 2000, alipokuwa ameolewa karibuni na nyumba yake imejaa zawadi za vyombo. Hapa studio ya kale imetoweka. Kuna rangi, na umbo la mtu aliyefunikwa kwa chador, shuka pana la wanawake wa Iran, tangu kichwani hadi chini, lakini mahali pa uso pamewekwa chombo cha nyumbani: pasi, ufagio, sufuria, kikwaruzo cha bati, glavu ya mpira.

Chunguza kitambaa kwanza, kwa sababu wageni wengi hukosea hapa. Chador hizi si zile nyeusi zinazovaliwa barabarani. Zina maua na rangi za kupendeza, nazo ndizo zivaliwazo nyumbani na wakati wa sala. Mwenyeji wa pwani ataielewa tofauti hiyo bila kufundishwa, kwa kuwa anajua kwamba buibui la kutokea na leso ya kujitandia ndani ni mavazi mawili yenye maisha mawili. Tumo ndani ya nyumba, basi, na swali haliwahusu askari wa barabarani bali sisi tulio jikoni na sebuleni. Ukiupokea mfululizo huu kama lawama kwa Iran peke yake umejipunja. Jiulize ni mara ngapi nyumbani kwako mtu ameitwa kwa jina la kazi yake, akatafutwa chai inapochelewa tu.

Simama mbele ya picha ya ufagio kwa dakika tatu kamili. Mwanzoni utaona ufagio. Baadaye nyuzi zake zitaanza kufanana na nywele, au ndevu, au uso ulioinama, na utajikuta unatafuta macho mahali ambapo hayapo. Kutafuta huko ndiko kazi yenyewe ya picha, wala huwezi kukupata ukiitazama kwa sekunde tano.

Nil, Nil na White Square ni kuhusu vita, na mtazamaji azitazame akijua kwamba msanii alikuwa mtoto wakati wote wa vita vya Iran na Iraki vya mwaka 1980 hadi 1988. Nil, Nil maana yake ni sifuri kwa sifuri, kama mechi ambayo hakuna aliyefunga. Hakuna uwanja wa mapambano wala maiti: kuna bakuli la matunda lenye guruneti ndani yake, na buti za askari kando ya viatu vyekundu vya kike vyenye visigino virefu. White Square ni vifaa vya kijeshi kwenye weupe mtupu, vikiwa vimefungwa utepe mwekundu. Mimi naona Nil, Nil una nguvu zaidi, kwa kuwa guruneti lililo katikati ya matunda linamlazimu mtu afikirie mkono utakaonyooshwa kuchukua tunda.

Kwa asiyeweza kusafiri, kutazama mtandaoni si aibu, mradi afuate utaratibu. Makumbusho niliyoyataja huweka sehemu ya hazina zake kwenye tovuti zao. Fungua mfululizo mmoja, tumia kompyuta badala ya simu ikiwezekana, ijaze picha kwenye kioo chote, na usiipitishe kwa kidole kabla ya dakika mbili kwisha. Kinachopotea ni ukubwa halisi na namna karatasi inavyopokea mwanga, kwa hiyo usitoe hukumu juu ya hayo. Kwa wanaofika ukumbini, zima mmweko wa kamera ya simu, na kama kioo cha fremu kinaakisi taa, sogea kando hadi uso wako utoke kwenye picha.

Miss Butterfly uuache mwisho, kwa sababu unahitaji macho yaliyokwisha kuzoea kusubiri. Umetokana na kisa cha Kiajemi cha kipepeo aliyenaswa kwenye utando wa buibui, lakini katika picha hizi za nyeusi na nyeupe, mwanamke ndiye anayeufuma utando mwenyewe, uzi baada ya uzi, akiziba mlango au dirisha la nyumba. Sisi tunaomwita mdudu huyo na lile vazi jeusi kwa jina moja, na ambao hata neno dirisha tumelipata kutoka Kiajemi, tutasikia hapo mambo ambayo mtazamaji wa Lyon hakuyasikia. Usiharakishe kuyafasiri. Tafuta kwanza mwanga unaingilia wapi, kisha utazame mwanamke amesimama upande gani wa utando wake.